Karatasi za kipuri ni sehemu ya kipuri

MASHINE ya kukoboa mpunga ikiharibika mwezi Januari, mwenye mashine hukuna kichwa peke yake. Ikiharibika mwezi Juni, wakati magunia yamepangwa hadi nje ya ghala, wakulima wote wanaoitegemea hukuna kichwa pamoja naye. Katika maeneo kama Ubaruku wilayani Mbarali, Ifakara au Kahama, wiki mbili za mashine kusimama msimu wa mavuno zinatosha kumfanya mkulima auze mpunga ambao haujakobolewa kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu ada ya shule na deni la mbolea havisubiri fundi.

Ndiyo maana wenye mashine wengi siku hizi hawaishii kwenye maduka ya Kariakoo. Simu ya mkononi imewafikisha hadi kwa wauzaji wa China na India. Wanapiga picha ya kipuri kilichovunjika, wanaituma, na kabla ya jua kuchwa wamepewa bei. Bei hiyo ikilinganishwa na ya dukani huwa ni ndogo kiasi kwamba mtu hujiona alikuwa anaibiwa miaka yote.

Hakuna ubaya wowote katika kuagiza moja kwa moja. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayepunguza mikono kati yake na kiwanda anafanya jambo la busara. Hata hivyo, wengi wanaopata hasara katika biashara hii hupewa kipuri kizima na karatasi mbovu. Mzigo unafika Dar es Salaam salama, halafu unakaa bandarini huku mashine imesimama na msimu unapita. Jambo ambalo waagizaji wadogo hawana budi kulielewa ni kwamba karatasi za kipuri ni sehemu ya kipuri chenyewe. Kikija bila hizo, ni sawa na beringi iliyokuja bila gololi zake.

Nani anawajibika?

Kosa la kwanza linaanzia kwenye imani. Mwagizaji mdogo huamini kwamba muuzaji wa ng'ambo anajua taratibu, na kama hajui, wakala wa forodha atazijua. Muuzaji anajua taratibu za kutoa mzigo nchini kwake. Za kuuingiza Tanzania hazimhusu, na akishalipwa fedha yake hana cha kupoteza.

Wakala naye ana nafasi yake. Mzigo unaoingia kibiashara hutolewa kwa kupitia wakala mwenye leseni, ambaye huandaa tamko la forodha linalojulikana kwa wafanyabiashara kama TANSAD. Lakini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mwenye mzigo anabeba wajibu kwa yale ambayo wakala aliyemteua ametamka kwa niaba yake. Tamko likiwa na uongo, mwenye mzigo hawezi kusimama mbele ya ofisa na kusema “hiyo ni kazi ya wakala” akadhani yameisha.

Isitoshe, mzigo kutoka bandarini si mwisho wa safari. Sheria hiyo hiyo inairuhusu forodha kurudi ndani ya miaka 5 na kudai vitabu na nyaraka za mzigo. Mwenye mashine aliyetupa ankara kwa sababu kipuri kimeshafungwa na kinafanya kazi, ametupa ushahidi wake mwenyewe.

Neno moja lisilotosha

Kosa la pili ni ankara yenye maneno mawili tu: “vipuri mbalimbali”. Kwa ofisa wa forodha, maneno hayo hayana maana yoyote. Anahitaji kujua ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani, ni vingapi, kimoja ni bei gani na kinafungwa kwenye mashine ipi. Beringi namba 6308, kwa mfano, ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje milimita 90 na upana milimita 23. Mstari mmoja kama huo kwenye ankara unaweza kuokoa siku kadhaa za maswali na kufungua masanduku.

Maelezo hayo yanahitajika kwa sababu ushuru haulipwi kwa jina analolitumia fundi. Unalipwa kwa namba ya bidhaa katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, HS, ambao unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na ulianza kutumika mwaka 1988. Hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawaujui.

Mwenye kinu hufikiri kwamba kila kinachofungwa kwenye kinu ni “kipuri cha kinu”. Mfumo wa HS haufikiri hivyo. Chekeche lililotengenezwa mahususi kwa mashine ya kusaga au kukoboa nafaka huainishwa pamoja na mashine hizo, katika kundi la vipuri vya namba 8437. Lakini beringi ina namba yake, 8482, hata kama imenunuliwa kwa ajili ya kinu na haitatumika kwingine kokote. Mkanda wa mpira unaoendesha mashine uko mbali zaidi, kwenye sura ya bidhaa za mpira, namba 4010. Pistoni na ringi za injini ya dizeli huingia namba 8409. Sanduku moja, mashine moja, namba nne.

Na kila namba ina kiwango chake cha ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia ushuru wa pamoja mwaka 2005 zikiwa na viwango vikuu vitatu: asilimia 0, 10 na 25. Kuanzia Julai 2022 kiliongezwa cha nne cha asilimia 35. Kwa hiyo mtu anayesikia kwamba “mashine za kilimo hazina ushuru” na kuagiza sanduku la vipuri akitegemea maneno hayo, anajiandalia mshangao. Msamaha hutolewa kwa bidhaa iliyotajwa kwenye orodha. Nia njema ya mkulima ya kulimia au kukobolea haibadilishi namba ya kipuri.

Hesabu inayosahaulika

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwenye mashine anaagiza vipuri vya dola 4,000. Usafiri wa meli ni dola 500 na bima dola 50. Forodha haitoanza hesabu na 4,000. Itaanza na 4,550, kwa sababu thamani inayotozwa ushuru hujumuisha usafiri na bima hadi bandarini.

Kama vipuri vyote vimeangukia kiwango cha asilimia 0, ushuru hakuna. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, pale ambapo hakuna msamaha, itakuwa dola 819. Lakini kama vimeangukia kiwango cha asilimia 10, ushuru ni dola 455, na VAT inapigwa juu ya jumla ya 5,005, yaani dola 900.90. Malipo yote mawili yanakuwa dola 1,355.90. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni dola 536.90, na hapo bado hazijaguswa tozo nyingine za uingizaji, gharama za bandari, malipo ya wakala na lori la kwenda mkoani.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anaweza, kwa masharti ya sheria, kuirejesha kodi hiyo kupitia hesabu zake za mauzo. Mwenye mashine mdogo ambaye hakusajiliwa hawezi. Kwake VAT ni gharama kamili, na mwisho wa yote atakayeilipa ni mkulima, kwa kuongezewa shilingi kadhaa katika kila kilo anayokobolewa.

Swali ni moja: je, hesabu hii ilifanywa kabla ya fedha kutumwa au baada ya meli kufika? Ikifanywa kabla, mtu anaweza kugundua kwamba duka la Kariakoo halikuwa ghali kama alivyodhani. Ikifanywa baada, hana la kufanya ila kukopa.

Ankara ya uongo

Wapo wauzaji wanaomwambia mteja wao: “Nikuandikie bei ndogo ili ulipe ushuru mdogo?” Wengi huliona hilo kama ukarimu. Ukweli ni kwamba muuzaji anatoa zawadi ambayo gharama yake italipwa na mwingine.

Sheria inataka thamani itakayotamkwa iwe bei halisi iliyolipwa au itakayolipwa. Ofisa akiitilia shaka anaweza kudai uthibitisho wa malipo, na benki ina kumbukumbu ya kila dola iliyotumwa. Asiporidhika, anaruhusiwa kuiacha bei ya ankara na kutafuta thamani kwa njia nyingine, ikiwamo bei ya bidhaa zinazofanana zilizokwisha kuingia nchini. Aliyeandikiwa dola 1,500 kwa mzigo wa 4,000 anajikuta amepoteza hata haki ya kuaminiwa katika yale aliyosema kweli.

Tena sheria ya forodha inalihesabu tamko la uongo kuwa ni kosa la jinai, lenye adhabu ya faini isiyozidi dola 10,000 au kifungo kisichozidi miaka 3. Yule aliyetoa ushauri huo atakuwa Guangzhou au Mumbai, akihudumia mteja mwingine.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa. Ikiwa bima imekatwa kwa thamani ya ankara ya uongo na mzigo ukapotea baharini, fidia nayo itafuata uongo huo.

Kununua Nairobi si kununua Kenya

Wafanyabiashara wa mikoa ya kaskazini na Kanda ya Ziwa wana mtego wao. Wanasikia kwamba bidhaa za Afrika Mashariki hazitozwi ushuru zinapovuka mpaka, wanakwenda Nairobi, wananunua beringi na mikanda, na wanarudi kupitia Namanga au Sirari wakiwa na risiti ya dukani mkononi.

Nafuu hiyo ipo, lakini ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na asili huthibitishwa kwa cheti. Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 kipo cheti cha asili kilichorahisishwa, ambacho kimewasaidia wafanyabiashara wengi wa mipakani kupitisha mazao na bidhaa za viwanda vya ndani. Hata hivyo, beringi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala rafuni Nairobi. Ikifika mpakani inahesabiwa kuwa ya China, na inaweza kudaiwa ushuru hata kama muuzaji wa Nairobi alikwisha kuulipa Mombasa na kuuingiza katika bei yake. Mnunuzi anakuwa amelipia ushuru mara mbili kwa kipuri kimoja.

Kontena la pamoja

Kwa kuwa mzigo wa mwenye mashine mmoja haujazi kontena, wengi hutumia wakusanyaji wanaochanganya mizigo ya watu mbalimbali. Njia hii ni halali na inapunguza gharama za usafiri. Tatizo huanza pale mzigo unapoingia kwa jina na TIN ya mtu mwingine, na mwenye kipuri anapokabidhiwa sanduku lake bila chochote isipokuwa karatasi ya kuhesabia uzito.

Kisheria mtu huyo hakuagiza kitu. Akiulizwa na ofisa wa kodi hawezi kuonesha kwamba ushuru ulilipwa. Akitaka kumuuzia jirani yake vipuri vilivyobaki, hawezi kutoa maelezo ya alivyovipata. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia masuala ya kodi na ukamataji, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kukutana nao. Manung'uniko ya namna hiyo yana uzito wake na Serikali haina budi kuyasikiliza. Lakini aliye na nakala ya tamko la forodha na stakabadhi za malipo hujadiliana akiwa na nguvu kuliko asiye na kitu.

Kwa hiyo anayetumia kontena la pamoja na aulize mapema: mzigo utatamkwa kwa jina la nani, na baada ya kutoka atapewa nakala zipi? Msafirishaji asiyetaka kujibu maswali hayo ameshajibu.

Viwango, bandia na sanduku la mbao

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Bidhaa inayohusika ikifaulu hupewa cheti cha ubora kinachosafiri nayo. Ikija bila cheti, mwagizaji hukabiliwa na ukaguzi hapa nchini, gharama na kusubiri, na isipokidhi viwango inaweza kukataliwa kabisa. Wakati wa kuuliza kama kipuri fulani kinahitaji cheti ni kabla ya muuzaji kukifunga. Meli ikishang'oa nanga, mkaguzi hana tena cha kukagua kule.

Bandia nazo ni hatari ya aina yake. Beringi inayouzwa kwa robo ya bei ya kawaida ikiwa kwenye boksi la chapa maarufu inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa zenye alama za kughushi, na bidhaa hizo zikiteketezwa, mnunuzi aliyedanganywa harudishiwi fedha zake. Hata zikipenya, hudumu siku chache na huweza kuondoka na shafti nzima.

Mwisho lipo sanduku lenyewe. Mbao ghafi za kufungashia mizigo ya kimataifa zinatakiwa, kwa kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea iliyopitishwa mwaka 2002, ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu. Njia inayotumika zaidi ni ya joto, ambapo kiini cha ubao hufikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha ubao hugongwa muhuri. Mkulima aliyewahi kuona dumuzi akimaliza ghala la mahindi hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni muhimu. Amwambie muuzaji atume picha ya muhuri huo.

Siku 21 si nyingi

Sheria ya forodha inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakuliwa. Anayezidisha anaingia katika gharama za ghala, na mzigo ulioachwa muda mrefu unaweza kunadiwa. Kampuni za meli nazo hutoza kwa kila siku ambayo kontena limezidishwa.

Siku hizo huisha upesi kuliko inavyodhaniwa, na mara nyingi huliwa na makosa madogo. Jina kwenye hati ya shehena limeandikwa tofauti na lile la TIN. Orodha ya vilivyofungashwa inasema masanduku 12 na ankara inasema 11. Kila kosa linarekebishwa ng'ambo, kwa malipo, na kwa kumsubiri mtu ambaye hana haraka.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Wauzaji wengi hudai sehemu ya fedha kwanza na nyingine kabla ya kusafirisha. Mnunuzi asilipe sehemu ya pili mpaka atumiwe nakala za ankara, orodha ya vilivyofungashwa na rasimu ya hati ya shehena, na wakala wake azisome mstari kwa mstari. Fedha ikiwa bado mkononi, muuzaji husahihisha kosa siku hiyo hiyo. Hata wanaolipa kwa dhamana ya benki wakumbuke kwamba benki hukagua karatasi. Haifungui sanduku kuona kilichomo.

Serikali nayo ina sehemu yake

Si haki kumtupia mzigo wote mwagizaji mdogo. Mamlaka ya Mapato (TRA) inamtaka atamke namba sahihi, lakini kitabu cha ushuru kimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mhitimu wa chuo hukisoma mara mbili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Itakuwa ni jambo la manufaa kama TRA na TBS zitatoa orodha fupi ya Kiswahili ya vipuri vinavyoagizwa zaidi na wakulima, vya vinu, pampu za umwagiliaji, trekta na mashine za kupura, ikionesha namba, kiwango cha ushuru na vyeti vinavyohitajika. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za kodi za mikoa na halmashauri.

Vilevile upo utaratibu wa uamuzi wa awali, ambapo mwagizaji anaweza kuomba jibu la forodha kuhusu namba ya bidhaa kabla ya kuiagiza. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kuwa na utaratibu huo. Ni wenye mashine wangapi mkoani Mbeya au Shinyanga waliowahi kuusikia? Haki isiyojulikana haina tofauti kubwa na haki isiyokuwapo.

Kwa upande wao, vyama vya ushirika na umoja wa wenye mashine wana la kufanya bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Wenye mashine kumi wakiagiza pamoja, kwa jina la chama chenye TIN na kumbukumbu, wanaweza kumlipa wakala mzuri, kuomba uamuzi wa awali mara moja kwa wote, na kuagiza mwezi Novemba badala ya kusubiri kitu kivunjike Juni. Vipuri vinavyochakaa vinajulikana, na msimu una tarehe zake.

Biashara akaunti, mali bila daftari huisha bila habari. Wazee waliosema hivyo hawakuwahi kuliona kontena, lakini walilijua somo lake. Mwenye mashine anayeuliza bei ya kipuri na aulize pia karatasi zake, kwa sauti ile ile na kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Mkulima mwenye magunia yake nje ya ghala anamtegemea.